Barua Niliyoifungulia Kufuli

Kuna mlio mdogo ambao hunitoa popote nilipo ukanirudisha Chawia, kijijini kwetu mlimani. Ni ule "tk" wa kufuli inapokubali. Juzi niliusikia sebuleni kwangu hapa Voi, nikichambua mchicha. Mjukuu wangu alikuwa kwenye kompyuta na mchezo wake wa falme na majitu. Mtu wake alikuwa amechutama mbele ya kasha, anachokonoa tundu kwa waya. Tk! Kasha likafunguka, dhahabu ikang'aa. "Nyanya, cheki, nimefungua ile ngumu!" Nikampa hongera yake, kisha nikaenda jikoni nikalia kidogo. Niwaambie kwa nini.

Mchezo ule mimi niliucheza kabla sijaona hata taa ya stima. Aliubuni dada yangu Mkamburi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, yeye akiwa na miaka kumi na minne nami minane. Kutoka shambani kwetu, ukungu ukiinuka, uliuona mlima Kasigau kule mbali, umesimama peke yake nyikani. Mkamburi alisema ndani yake mna ufalme wa vyumba saba, kila mlango una kufuli, na chumba cha mwisho kina hazina. Mimi nilikuwa msafiri. Yeye alikuwa kila kitu kingine: mlinzi, mvua, malkia, ndovu. Mambo yaliamuliwa na punje ya harage iliyopakwa masizi upande mmoja. Ikilala upande mweupe, napita. Ikilala upande mweusi, "Ndovu amekusikia," anasema Mkamburi kwa sauti nzito, nami natimua mbio kujificha migombani, ingawa ndovu mwenyewe alikuwa msichana mwembamba mwenye sweta iliyotoboka viwiko.

Lakini kufuli zilikuwa za kweli. Baba alikuwa mtunza stoo katika shamba la mkonge huko chini, akipanda nyumbani kila Jumamosi, na kufuli zilizopoteza funguo alituletea. Mkamburi alinyoosha spoki ya baiskeli, akaiponda ncha kwa jiwe, akanifundisha. Mpaka leo naisikia ile harufu ya kutu na mafuta ya taa vidoleni. "Usiilazimishe," alikuwa akiniambia. "Kufuli ni kama mtu aliyenuna. Mbembeleze." Ya kwanza ilinichukua msimu mzima wa masika. Hazina yenyewe aliificha katika shimo chini ya jiwe, ukingoni mwa shamba: peremende moja, shanga, siku nyingine tonge la kimanga, muhogo uliopondwa na maharage, lililofungwa kwa jani, nikalila baridi na mchanga wake. Sheria ilikuwa moja: aliyefungua ndiye mwenye hazina, mpaka mwenzake aipate. Sheria hiyo niliishika kama Amri Kumi.

Kisha Mkamburi akafaulu mtihani wa darasa la saba. Barua ya kumwita shule ya bweni ililetwa na mwalimu mkuu mwenyewe. Baba aliisoma kwa sauti mara mbili, akaifungia ndani ya sanduku lake la bati chini ya kitanda, ufunguo akautia mfukoni. Majirani walikuja kupongeza, mama akacheka mpaka akafuta machozi. Mimi peke yangu ndiye niliyenuna.

"Na Kasigau?" nikamuuliza dada.

"Kasigau haiendi mahali. Nitakuja likizo."

Likizo! Kwa mtoto wa miaka minane, miezi mitatu ni uzee.

Alhamisi moja mama alikuwa shambani na Mkamburi ameenda kukata nyasi za ng'ombe. Niliingia chini ya kitanda na spoki yangu. Ningependa kuwaambia sikuwa na nia mbaya. Ilikuwepo, ila niliivika nguo za mchezo. Niliitoa barua, nikaifunga tena kufuli vizuri, nikaenda kuificha chini ya jiwe jingine, katika shimo nililolichimba mwenyewe, asilolijua dada. Kwa hesabu yangu, Mkamburi hangeweza kuondoka bila barua, na ili aipate ingembidi acheze. Nami nilikusudia mchezo uwe mrefu.

Jumamosi baba alifungua sanduku ili aangalie vitu vilivyotakiwa shuleni. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alisimama tu mlangoni, kufuli mkononi.

"Nani amefungua hii sanduku yangu?"

"Baba Mkamburi, pengine uliisahau kazini," mama akasema.

"Niliifunga hapa na mkono wangu. Kufuli haijavunjwa. Huyu ni mtu anajua kufuli."

Mkamburi alinitazama. Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Ni mimi, baba," akasema. "Nitaileta."

"Kama shule hutaki, sema."

"Naitaka, baba."

"Basi kesho nikitoka kanisani niikute hapa mezani. Nisipoikuta, maneno ya shule yamekwisha kwa hii nyumba."

Baba alikuwa mtu wa neno moja. Likishamtoka, hakulifuata kulirudisha.

Tulipomaliza kula jioni ile, Mkamburi aliketi karibu nami jikoni, akatoa ile punje ya harage. "Msafiri sasa ni mimi," akasema. "Nimefika mlango wa mwisho, Wakesho, na nimechoka sana. Nitaipata hazina?" Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani mwishowe amekubali kucheza. Nikairusha punje, ikalala upande mweusi. "Ndovu amekusikia!" nikasema, nikacheka.

Yeye hakucheka. "Tafadhali," akasema. Hapo ndipo nilipoogopa.

Asubuhi, kabla ya kanisa, nilikimbia hadi kwenye shimo, nikainua jiwe. Mchwa walikuwa wamemaliza kazi. Ilibaki pembe moja ya bahasha na nusu ya stempu, vingine vyote vilikuwa udongo. Nilichutama nikaupuliza udongo ule, nikipuliza kana kwamba maneno yangerudi. Kisha nikarudi nyumbani na magoti yenye tope, nikamwambia dada, "Hakuna hazina."

Alichota maji, akaniosha magoti.

Baba alitoka kanisani akakuta meza tupu. Leo najua angeweza kushuka kwa basi siku moja tu, akaomba barua nyingine. Lakini aliamini binti yake ameikataa shule, akalala juu ya neno lake. Mkamburi akaenda kukata mkonge. Baadaye aliolewa huko Salaita, upande wa Taveta.

Mzigo ule niliubeba kwa miaka zaidi ya kumi. Aliposhikwa na maradhi niliabiri basi hadi kwake, nikaketi kando ya kitanda, nikaanza, "Dada, ile barua..."

"Ililiwa na mchwa," akasema.

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Nilikufuata asubuhi ile. Nikakuona umechutama, unapulizapuliza. Nikarudi mbio, usijue nimekuona."

"Mbona hukumwambia baba? Angekwenda kuomba nyingine."

"Angekwenda, ndiyo. Na wewe ungeitwa mwizi Chawia nzima hadi leo." Akapumzika kidogo. "Nilidhani baba atapoa kabla shule ifunguliwe, Wakesho. Hakupoa."

Tulimzika kabla ya mvua za vuli. Nimemlilia sana dada yangu, lakini kuna asubuhi moja inayoniliza kuliko ile ya mazishi.

Ni asubuhi nilipokuwa na miaka kumi na minne. Nami nilikuwa nimeitwa shule, na ilikuwa shule ile ile. Mkamburi alikuwa bado hajaolewa. Alipanda kutoka shamba la mkonge, mikono imechanwachanwa na miiba, akasema sanduku langu atalibeba yeye. Alilitwika kichwani toka Chawia hadi barabarani, na njia nzima aliniuliza huko tutasoma vitabu gani. Tulipofika kituoni alilitua, akalifuta vumbi kwa leso yake. Juu ya kifuniko baba alikuwa amepaka jina la shule kwa rangi nyeupe. Mkamburi akaliinamia, akalipitisha kidole polepole, herufi baada ya herufi, mpaka mwisho.

Mimi nilidhani anaangalia kama rangi imekauka.