Maji ya Lambo Niliyoyaona ya Bure

Mwanangu, ipo siku moja ya kiangazi ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, nami nilikuwa fundi wa umeme katika hospitali ndogo ya misheni huku kwetu Iramba. Umeme tuliupata kwa njia mbili: maji ya lambo la mlimani, yaliyoshuka kwa bomba na kuzungusha mtambo, na mashine ya dizeli iliyokaa bandani.

Mvua zilipokatika mwaka ule, nilijiona mjanja. Dizeli ilitoka mbali kwa lori. Maji yalikuwa pale pale. Basi nikayafungulia kutwa, mwezi baada ya mwezi, mashine ikakaa kimya. Msimamizi wa hospitali akanisifu mbele ya watu. Kichwa kilivimba, sikufichi.

Mzee Kitundu, mlinzi wa lambo, ndiye pekee aliyenionya. Alikuwa amechomeka majini kijiti chenye alama.

"Kijana, unashusha alama mbili kila wiki," aliniambia. "Mvua bado iko mbali."

Nilimwitikia kwa heshima, kisha nikaendelea vile vile. Yeye hakujua kusoma. Mimi nilikuwa na cheti.

Kufikia Oktoba lambo likabaki tope. Nikaitegemea mashine peke yake, asubuhi hadi jioni, bila kuipumzisha. Siku hiyo ninayokusimulia, saa sita mchana, ikachemka, ikatoa moshi, ikazima. Ndani ya chumba cha upasuaji alikuwa Mariamu, mke wa jirani yangu, anatolewa mtoto.

Muuguzi akanijia mbio. "Fungulia maji!"

"Maji hayapo, dada."

Kisha akang'oa kioo ukutani, akanisimamisha nje ya dirisha nielekeze mwanga wa jua mezani. Nilishindwa kukituliza kioo, na mwanga ukacheza mahali usipopaswa kucheza. Mama alipona. Mtoto hakulia. Daktari hakusema ni kwa sababu ya taa, wala hakusema sivyo. Jirani yangu naye hakuniuliza kitu. Aliendelea kunisalimu kama zamani, na hilo ndilo lililonichoma.

Kesho yake nilipanda lamboni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

Hakunifokea. "Uliyaona ya bure kwa kuwa hukuyanunua," alisema. "Lakini alama uliyoishusha Juni, ndiyo hiyo uliyoihitaji jana."

Akanihesabia kwa kokoto: siku zilizobaki hadi mvua, kazi ya kila siku, fungu la dizeli, fungu la maji. Lambo likifurika masika, tumia maji, maana yatamwagika tu. Mvua zikikatika, washa mashine mapema, kidogo kidogo, maji yakae akiba. Na kila wiki hesabu upya, kwani mvua haimwambii mtu siku itakayokuja. Tulihesabu hivyo pamoja hadi alipofariki.

Mwanangu, kitu kikiwa kingi usikipime kwa wingi wake wa leo. Kipime kwa siku kitakapokosekana, na kwa mtu atakayekihitaji siku hiyo. Kisha gawanya: kidogo cha hapa, kidogo cha pale, ukirudia hesabu yako bila aibu. Na anayekuonya, msikilize wakati bado lipo la kuokoa.

Mungu akujalie jicho la kuona mbali. Wanaokutegemea wasikukute mikono mitupu.