Farasi wa Gogo Katika Boma Letu

Iko siku moja haijanitoka moyoni, mwanangu. Nimesimama kwenye njia ya vumbi, bara huku Afrika Kusini, kupita mji wa Ixopo, namtazama mume wangu Papa Divine na farasi wetu, na mbele yao kikongwe amekita fimbo chini, hataki wapite. Wewe umetoka Durban kuja kuniambia umepata shamba la bei nafuu na unataka kufuga. Nimefurahi, kweli nimefurahi. Ila kabla hujalipa, keti nikusimulie.

Sisi ni Warundi, unajua. Mimi mtoto wa Buyenzi, Bujumbura mjini, ng'ombe nilikuwa namjua akiwa sahanini. Papa Divine ni mtu wa milimani, amekulia zizini, na kwao ng'ombe ana heshima kuliko wifi. Durban tulipanga chumba pale Berea. Mimi nilisuka nywele saluni, yeye kila alfajiri alipanda taksi kwenda kuhudumia farasi wa mashindano kwenye mazizi ya nje ya mji. Mwaka 2008, wageni walipoanza kufukuzwa, tulikimbilia kanisani na mtoto wetu Divine mgongoni, na tuliporudi chumbani hata sufuria hatukuikuta. Tangu hapo Papa Divine akawa na wimbo mmoja tu: anataka mahali ambapo hakuna mtu atakayekuja kumwambia toka.

Mahali penyewe palitoka kwa mzee mmoja wa Kihindi wa Chatsworth. Baba yake alimwachia shamba dogo huku bara, na watoto wake hawakulitaka: mawe mengi, umeme hakuna, maji ya kijito. Likawa rahisi hata kwa watu kama sisi, kwa akiba yetu na ule mchango wa kupokezana tunaouita likelemba. Papa Divine alishika udongo, akaonja maji, akakagua majani kama mtu anayechagua mchumba. Nilimuuliza majirani wakoje. Akanijibu majani ni mazuri sana.

Jirani wa kwanza alikuwa mjane wa Kizulu, MaNgcobo. Sote tulimwita Gogo, ndilo jina la bibi huku. Marehemu mumewe alipenda farasi, wale wadogo wagumu ambao wanaume wa vilima hivi hushindana nao siku za sikukuu. Wanawe wote walikuwa Johannesburg, hakuna wa kuwaangalia wanyama. Siku moja akamwona Papa Divine anachonga kwato za farasi wa mtu, akasimama akatazama mpaka mwisho. Baada ya siku chache akatuletea farasi jike mwekundu, jina lake Ntombi. Akasema akae kwetu, tumtunze, akizaa tutaonana. Akageuka akaenda zake.

Papa Divine alilia, mwanaume mzima. Kwao Burundi mtu akikuletea ng'ombe kwa maneno kama yale, amekupa. Wanaita kugabira. Unamlea, akizaa unarudisha ndama mmoja na pombe ya shukrani, mnakuwa ndugu, na mama wa ndama ni wako. Siku hiyohiyo akambadilisha farasi jina, akamwita Bihogo, kama kwao wanavyomwita ng'ombe mwekundu. Mimi nilimwambia, Papa Divine, nguo ya kuazima haisitiri matako, una hakika umepewa? Akanicheka. Akasema watu wa Buyenzi tunajua samaki tu. Nikamwacha, maana samaki kweli ndio ninaowajua.

Basi akampeleka kwa dume la kilima cha pili, mimba ikashika, tukapata mtoto wa kiume, miguu mirefu kuliko akili. Alipoacha kunyonya, Papa Divine alivaa koti, akabeba pombe ya mtama, tukampeleka yule mtoto kwa Gogo. Gogo alimpokea kwa vigelegele, akatupa jogoo. Tulirudi Papa Divine akitembea kifua mbele. Kwake yeye mambo yalikuwa yamekamilika: ameshukuru, na Bihogo ni wake.

Kwa hiyo alipotokea mtu wa bonde la pili akimtaka yule jike, tena akiwa na mimba ya pili, Papa Divine akakubali. Kwa fedha ile alitaka apate majike wawili wachanga, aanzishe uzao wake mwenyewe. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, ndiyo maana inaniuma mpaka leo.

Njia ya kwenda barabarani inapita mlangoni kwa Gogo. Alikuwa anapepeta maharage. Akaona kamba mkononi mwa mtu asiyemjua, akaweka ungo chini, akaja na fimbo yake. Akauliza Ntombi anakwenda wapi. Papa Divine akamjibu kwa adabu kwamba amemuuza.

Gogo hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mtu akikuachia mtoto wake," alisema, "ukimlea vizuri sana, unamuuza?"

Mwanangu, hapo nikaona mwisho wetu. Neno moja la yule mama kilimani, na sisi tungekuwa wageni wezi, na pale napo tungeambiwa toka. Tayari nilikuwa nawaza nitafungasha nini kwanza. Papa Divine alivua kofia, akaeleza habari yote ya kugabira, ndama na pombe, jasho linamtiririka. Mnunuzi akasonya, akaachia kamba, akaondoka.

Gogo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatueleza na ya kwao. Wanaita sisa: unaweka mnyama kwa jirani unayemwamini, anamtunza na kumtumia, lakini mnyama anabaki wako. Ukiridhika na malezi, unampa jirani mmoja wa watoto. Akamgeukia mume wangu.

"Udongo uliushika. Maji uliyaonja. Mimi mbona hukuniuliza?"

Gogo akaokota kamba, akamrudishia mkononi, akasema mrudishe nyumbani. Kwa Kizulu changu cha kuokoteza nikauliza, nyumbani wapi? Akaelekeza fimbo kwetu. Akasema aliyemo tumboni atakuwa wa kwetu, ila jina la farasi wake ni Ntombi, na hilo lingine tuliache Burundi.

Sikufichi, sikuupenda mpango ule. Gogo alikuwa akija siku yoyote aliyotaka, anachungulia hori, anamkagua Ntombi meno, kisha anaketi kunywa chai yangu na kulalamika sukari ni kidogo. Eish! Nilimwambia Papa Divine amrudishie farasi wake, tubaki na kile kitoto alichotuzalia, tupumue kwenye ardhi tuliyoinunua wenyewe. Akakataa. Alisema amekwishakosea mara moja, hatakosea mara ya pili.

Ikafika 2015, fujo za kufukuza wageni zikaanza tena Durban. Papa Divine alikuwa ameteremka mjini kumchukua Divine shule ya bweni, mimi nipo peke yangu. Adhuhuri wakaja vijana, wengi wao si wa kilima chetu, wanauliza wageni wanakaa wapi. Nilijifungia ndani. Dirishani nikamwona Gogo anapanda mteremko na kiti cha plastiki kichwani. Akakiweka katikati ya lango letu, akakaa.

Wakamuuliza anafanya nini pale.

"Farasi wangu yumo humu," alisema. "Nani anataka kuingia alipo farasi wangu?"

Wakamtazama Ntombi, wakamtazama yeye. Mmoja akavua kofia akamwamkia, pengine alimjua marehemu. Wakaondoka. Gogo hakuinuka mpaka vumbi lao lilipotulia, ndipo akaniita nje, akasema leo sukari nisibane. Nilimtilia mpaka chai ikawa uji, nalia.

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu. Angetupa yule farasi moja kwa moja, angekuwa wetu, na Gogo asingekuwa na la kusema langoni kwetu. Kwa kuwa alikuwa wake, boma letu nalo lilikuwa lake kidogo. Waswahili wanasema nguo ya kuazima haisitiri. Mimi ilinisitiri.

Basi nasaha yangu ni hii. Shamba rahisi nunua, karatasi ziwe halali, maji uyaonje. Lakini kabla hujajenga zizi, nenda kwa jirani ukamuulize kwao kunafanywaje, hata mambo unayodhani unayajua tangu kwenu, hasa hayo. Kuuliza si ujinga. Na jirani akitaka kuweka mnyama wake kwako, mpokee, na usikimbilie kumrudishia ili uwe huru. Uhuru wa namna hiyo niliutamani sana, na ungenipoteza.

Mungu akupe majani mazuri, majike wanaozaa salama, na jirani mwenye sababu ya kuja kwako kila siku. Na akija, mwanangu, sukari usimbanie.