Barua Niliyoiacha Bila Kuifungua

Mimi ndiye mwenye makosa. Msiilaumu simu, msiwalaumu watangazaji. Nimekaa na jambo hili miezi minane, na leo nalitoa maana linanila ndani kwa ndani.

Ninauza vifuniko na chaja za simu mjini Migori. Ugonjwa wangu ni habari za teknolojia, hasa hii akili unde, AI, inayozungumzwa kila mahali. Nilijiandikisha kupokea majarida kumi na moja kwa barua pepe, na podikasti ndiyo usiseme! Zilikuwa sikioni tangu asubuhi, tena nimezikimbiza kasi mara mbili ili nimalize nyingi. Majarida nayo nilisoma vichwa tu. Jumamosi, sisi Wasabato tukitoka kanisani, vijana walinizunguka: "Prof, wiki hii kuna nini mpya?" Nami kichwa kikanivimba.

Kaka yangu mkubwa, nitamwita Ouma, alikuwa akisaga mawe ya dhahabu kule Masara. Akaanza kukohoa. Kule nani hakohoi? Mtu akilalamika kifua anaambiwa anywe maziwa yashushe vumbi, arudi kazini.

Siku moja podikasti niliyoipenda zaidi ilitaja programu ya simu inayosikiliza kikohozi na kukwambia kama una kifua kikuu. Niliruka! Mteja akaingia, nikazima kabla hawajamaliza, na sikurudi kusikiliza mwisho. Jioni hiyo programu ilikuwa kwenye simu yangu.

Jumapili nikaenda kwa Ouma. Mkewe, Mama Achieng, alikuwa ameshavaa viatu, kitabu cha kliniki mkononi, akimbembeleza waende kupimwa. Laiti ningenyamaza! Nikawaambia wangoje kwanza. Ouma akakohoa mara tatu mbele ya simu, tukangoja wote watatu tumeikodolea macho. Kioo kikageuka kijani: hakuna dalili za hatari.

"Si nilisema ni vumbi ya mawe tu!" Ouma akacheka mpaka akakohoa tena.

"Auntie, una hakika?" Mama Achieng akaniuliza. "Huyu mtu amekohoa mwezi mzima."

"Hizi vitu mimi nafuatilia kila siku," nikamjibu, tena kwa dharau.

Alinitazama kidogo, kisha akainama akavua viatu.

Viatu vile! Mpaka leo naviona.

Nilimpima mara tatu nyingine wiki zilizofuata. Kijani, kijani, kijani. Suruali ya Ouma ikaanza kufungwa kwa kamba. Macho yangu yaliona, lakini niliamini kioo. Mama Achieng aliponipigia, hakunisalimu. "Anatema damu," akasema, na simu ikakatika.

Niliwakuta kwenye benchi la hospitali, Ouma ameegemea ukuta, Achieng wa miaka minne amelala mapajani mwa mama yake, naye anakohoa. Sikuwa nimejua kwamba mtoto anakohoa! Majibu yalikuwa hayajatoka. Unajua nilifanya nini? Nilitoa simu kutafuta ile habari, nipate cha kujitetea.

Nikaipata barua ya jarida la wale wale wa podikasti. Ilikuwa katikati ya barua nyingine chungu nzima ambazo sikuwahi kuzifungua, na ilitumwa wiki moja tu baada ya kipindi kile. Kichwa chake: "Tulikosea." Waliandika kwamba waliisifu programu ile kabla ya kuuliza wataalamu, kwamba haijathibitishwa, na kwamba anayekohoa zaidi ya wiki mbili aende akapimwe makohozi bila kungoja.

Mama Achieng akauliza, "Unasoma nini?" Nikasema, "Hakuna kitu." Nikaizima.

Muuguzi akatoka. Kifua kikuu, mapafu yote mawili. Mtoto pia.

Achieng amemaliza dawa na anakimbia, namshukuru Mungu. Ouma amepona lakini mapafu yamebaki na makovu. Akibeba ndoo ya maji kutoka kisimani hupumzika mara mbili njiani, na hajafika hamsini. Mama Achieng hunipa chai nikienda, lakini haketi nami.

Kinachonimaliza ni Ouma mwenyewe. Kila nikijaribu kuomba msamaha ananikatiza: "Nyaminwa, dada yangu, wacha. Ni machine ilikosea, si wewe." Hajui kuhusu barua ile. Nimemwacha anitetee mbele ya mkewe miezi yote hii!

Nyinyi mnaopenda mambo haya kama mimi, nawasihi. Jiandikisheni kwa majarida machache mtakayoyasoma hadi nukta ya mwisho. Mkitaka kujua lililo zuri, tazameni kama huwa linarudi kusema lilikosea. Mimi nilikuwa na moja zuri kuliko yote, nikaliacha bila kulifungua. Na kifua, jamani, kipelekeni hospitali!

Wale wa jarida walichukua wiki moja kuandika neno "tulikosea". Mimi miezi minane, tena kwenu msionijua. Jumapili hii naenda kwa Ouma. Nimeichapisha ile barua kwenye karatasi, nitaisoma yeye na mkewe wakiwa wameketi, na tarehe yake nitaisoma kwanza.