Kitambaa cha Kiti cha Sita

Mama aliyetufumia vitambaa vya makochi amefariki. Habari zilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa kwenye kiti changu na kikombe cha chai, nikipambana na kikohozi kilichokuwa kimenisumbua kwa wiki mbili. Aliyepiga simu ni binti yake. "Anko, mathe ametuacha," alisema, na kabla sijapata neno la kumpa pole akaongeza, "Kuna kitu yako huku kwa nyumba. Kuja uichukue kabla tumsafirishe." Sikumuuliza ni kitu gani. Nilikijua, na nilikuwa nimekiogopa kwa miaka minne. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanamkumbuka mama huyu ingawa sijawahi kumtaja jina. Niliandika habari zake kwenye safu hii hii, na baadhi yenu mkanitumia jumbe kwamba mmecheka hadi mbavu zikauma. Leo pia sitamtaja. Siku ile nililificha jina lake ili nisishtakiwe. Leo nalificha kwa sababu ya aibu.

Alikuwa akiishi Mashimoni, kule Kibera, katika chumba kimoja cha mabati kilichotazamana na kioski cha maji. Alikuwa mzaliwa wa upande wa ziwa, mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi uiname ili umsikie. Kodi na karo ya binti yake zilitoka kwenye sindano ya krosheti. Huku kwetu Kawangware, kama ilivyo Kibera, kochi lisilo na kitambaa ni sawa na mtu aliyetoka nje bila shati. Hata wanaoishi kwenye mabati wana seti nyeupe iliyofuliwa na kutiwa wanga, ya kutandika wageni wakija au ibada ya nyumbani inapofika zamu yako. Vitambaa vya mama huyu vilijulikana. Ua lake lilikuwa na petali nane, na kingo hazikukunjamana hata zikifuliwa mwaka mzima. Ila alikuwa na desturi yake moja. Hakupima kwa futi. Alitoa kamba mfukoni, akaipitisha kwenye mgongo wa kila kiti, kisha akauliza, "Hapa anakaa nani?" Ukimjibu kwamba ni yeyote tu, alisubiri na kamba yake mkononi. Ukitaja jina, alilirudia polepole, akapiga fundo kwenye kamba, akahamia kiti kinachofuata. Mke wangu aliona jambo hilo linapendeza. Mimi niliona kama tunapimwa sisi, si viti.

Tulimjua kupitia kwa mwenye ploti tunayopanga, mama aliyezaliwa Kawangware hii hii wakati bado watu wanalima mahindi hapa. Yeye aliagiza vitambaa vinane, akaletewa saba. Kiti kilichobaki bila kitambaa kilikuwa cha mumewe, kile cha karibu na dirisha. Mwenye ploti hana mchezo na mali yake, kwa hiyo akauliza cha nane kiko wapi. "Hiyo bado haijafunga," akajibiwa, na mama wa vitambaa hakukubali kulipwa zaidi ya saba. Wiki tatu baadaye mzee alianguka bafuni akinyoa ndevu, wala hakuinuka tena. Tulipoingia kuomboleza, watu walijaa kwenye viti vyote vyenye vitambaa, na kile kimoja kikakaa wazi siku nne mfululizo, huku wazee wenye miguu mibovu wakisimama ukutani. Nilimwona mwenye ploti akikitazama, nami nikakitazama, na nadhani kila mtu mle ndani alikuwa akiwaza jambo lile lile.

Kwa bahati mbaya mke wangu alikuwa ameshaagiza. Zamu yake ya kukaribisha chama cha akina mama ilikuwa imefika, pesa ya uzi ameshatoa, na kamba ya mama ilikuwa imeshapita kwenye viti vyetu sita: kochi la watu watatu, la watu wawili, na kiti changu cha peke yangu. Mama alikuja Alhamisi moja mchana, akavitoa vitambaa kwenye mfuko, na mke wangu akawa anavitandika huku akiimba. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, cha tano. Kisha akaacha kuimba.

"Na changu?" nikauliza.

"Yako bado haijafunga, baba."

"Itafunga lini?"

"Sijui. Mimi nashona tu." Alinitazama jinsi mzazi anavyomtazama mtoto mwenye homa. Nilicheka kwa sauti kubwa, nikamsindikiza hadi kwenye geti, na niliporudi ndani nikaketi kwenye kiti kisicho changu.

Niliogopa, na badala ya kusema nimeogopa nikaandika kichekesho. Nilimwita fundi anayepima watu. Nilisema anayetaka kujua siku alizobakisha asihangaike na foleni ya hospitali, ahesabu vitambaa vyake. Sikutaja jina, lakini nilitaja Mashimoni, nikataja kamba na mafundo, nikataja petali nane. Ulimi hauna mfupa, na kalamu ndiyo kabisa. Haukupita mwezi, hapakuwa na mlango Kawangware uliofunguliwa akibisha. Kanisani kwao akina mama walisogea akikaa, benchi likabaki lake peke yake, na mchungaji akamtaka asimame mbele ya watu aombewe atolewe pepo. Akaanza kwenda kufulia watu nguo. Binti yake alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa karo. Yote hayo niliyasikia kwa mke wangu, aliyenieleza huku akikunja nguo bila kuniangalia. Nilimwambia nitaenda kumwomba radhi. Nilisema kesho, nikasema wikendi, nikasema Krismasi ikipita.

Nilikutana naye mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa napita Laini Saba, kule kule Kibera kando ya reli, katikati ya vibanda vya mitumba, nikamwona anakuja na beseni kichwani, na njia ilikuwa nyembamba mno kwa mwoga kujificha. "Habari ya nyumbani, baba?" alisema, kana kwamba sikumtenda lolote. Nikamwambia tuko salama. "Na kifua?" Sikuwa nimewahi kumweleza habari za kifua changu, wala sikuwa nikikohoa wakati huo. Nikasema kifua kiko sawa. "Sawa. Bado nashona ile yako," akasema, akapita. Nilisikia vitisho. Wiki hiyo hiyo nilipimwa damu, nikapigwa picha ya kifua, sikupatikana na kitu. Nikachukua bima ya mazishi bila kumwambia mke wangu, na kwa miezi mitatu nikawa naketi kwenye stuli ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kiti changu kilikaa tu pale kinanitazama.

Jumatano nilikwenda Mashimoni. Hema lilikuwa limefungwa kwenye kichochoro, na wanaoimba walikuwa akina mama wale wale waliokuwa wakisogea kwenye benchi. Binti alinishika mkono, akaniingiza ndani, akavuta kikapu kutoka chini ya kitanda. Kwanza alitoa kitambaa kidogo, nusu ua, uzi wake umekatwa kwa makasi. "Hii ni ya yule mzee wa mwenye ploti wenu. Huyo alienda kabla mathe amalize." Kisha akaanza kutoa changu. Akatoa, akatoa, akaendelea kutoa. Katikati kulikuwa na lile ua la petali nane la ukubwa wa kiti, halafu mstari juu ya mstari, nyeupe, kisha rangi ya maziwa, kisha rangi yoyote ya bei nafuu, mpaka kikafunika kitanda kizima na kuning'inia pande zote mbili. Nilikumbuka kwamba jeneza nalo hufunikwa hivyo, nikatazama pembeni. Sindano ilikuwa bado kwenye kitanzi cha mwisho.

"Hii yote ni ya kiti kimoja?"

"Mathe alikuwa anaombea mwenye kiti akishona," binti alisema. "Kila mtu na kitambaa yake. Akiskia maombi imeingia, anafunga. Yako ilikataa. Akasema akiiacha ni kama amekuachilia. So kila asubuhi kabla aende kufua, lazima angeshona laini moja."

"Hata baada ya yale niliyoandika?"

Aliinua donge la uzi akanigeuzia. Kiini chake kilikuwa karatasi iliyokunjwa, ukurasa wa gazeti, na kwenye kona picha yangu ndogo inayotabasamu. Kila aliponunua uzi mpya, aliuzungushia karatasi ile ile. Sasa ilibaki mizunguko michache tu, na katikati ya nyuzi niliweza kuyasoma maneno yangu. Nikamuuliza aliacha kushona lini. "Ile Jumapili alilazwa. Wiki mbili sasa." Nilihesabu kwa vidole, mikono ikiwa nyuma ya mgongo. Kikohozi changu kilianza kesho yake, Jumatatu.

Sisemi kitu. Mimi ni mtu wa magazeti, na kikohozi wakati wa baridi ya Nairobi hakihitaji mganga wala nabii. Lakini nilikohoa mle chumbani, na binti akanitazama kwa macho ya mama yake. Katika jiji hili maombi yana spika, yana bango, yana nambari ya kutuma sadaka, nasi tumezoea kwamba anayetuombea hututajia bei yake. Huyu alichukua malipo ya viti vitano, akakishughulikia cha sita kwa miaka minne kwa uzi wake mwenyewe, ulionunuliwa na pesa za kufua nguo, kazi ambayo mimi ndiye niliyemsukuma kuifanya. Tulimwona amesimama mlangoni kwetu tukadhani ameleta kifo, kumbe alikuwa amekizuia. Mtu akikunyima kitu chako, muulize anakifanyia nini kabla hujamtangaza. Mimi nilimuuliza kitafunga lini. Sikumuuliza kwa nini.

Nilimwomba binti msamaha pale pale, nikalia. Akaniambia, "Usiniambie mimi. Sema pale ulisemea." Ndiyo maana nimeandika haya hapa. Kitambaa changu na donge lake la uzi nilivibeba nyumbani. Mke wangu ananifundisha kushika sindano, na kila asubuhi kabla ya chai nakiongezea mstari mmoja, umepinda kama njia ya ng'ombe. Siku ya kwanza aliniuliza naanza kuombea jina la nani, nikataja la binti. Uzi wa mama uliisha Jumamosi, karatasi ikaanguka sakafuni, nikaiokota na kuisoma hadi mwisho bila kucheka. Nimenunua uzi mwingine, nikauzungushia karatasi ile ile. Kikohozi bado kipo, na kitambaa bado hakijafunga.