Saa Zilizopumzishwa Kivulini

Kila neno lililo hapa ni kweli tupu. Mwandishi ameapa kwa pensheni yake ya reli na kwa jino lake la mwisho la juu, na yeyote atakayemshika na uongo atalipwa papo hapo. Bei ya uongo haikupangwa na mhariri. Ilipangwa na Branice Khaemba, na Branice hana mchezo.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Branice tayari yuko kati ya mistari ya mkonge nje ya mji wa Voi. Mlima wa Sagalla bado ni mweusi. Anakata mwiba wa ncha, anashuka na panga hadi chini kabisa, jani linalala upande wake wa kushoto. Mwiba, panga, jani. Majani thelathini ni kitita kimoja, na anatakiwa vitita sabini kabla ya kurudi nyumbani.

"Hapa jua halichomozi, linaripoti kazini," anasema bila kuinua uso. "Na halijawahi kuomba ruhusa."

Kufikia saa nne, joto hugonga digrii thelathini na saba. Kuku wa kambini hutaga mayai yaliyoiva. Kazi yako ni kutafuta chumvi tu.

Mkononi mwa Branice kuna saa nyeusi ya mpira ambayo haimwambii mtu ni saa ngapi. Inapima mapigo ya moyo na joto la ngozi. Ni kwa sababu ya saa kama hizo mama huyu, mwaka jana, nusura awapokonye wenzake kivuli kwa mikono yake mwenyewe.

Branice ana miaka arobaini na sita. Alizaliwa Webuye, akaja Voi kumfuata mumewe aliyekuwa kibarua wa reli. Mume alipofariki, ndugu walimwita arudi. Akabaki, maana bintiye Lorine alikuwa shuleni na mkonge ulikuwa mlangoni. Wanawake wa zamu yake, kumi na wawili kwa jumla, wakamfanya mwenyekiti wa chama chao.

Kisha ikaja Machi ya mwaka juzi, siku ambayo haitaji bila kulaza panga chini kwanza. Carolyne Ajwang', rafiki yake wa mstari wa pili, alianguka akiwa kazini.

"Alikuwa anacheka," anasema Branice. "Halafu akanyamaza. Nikageuka, simuoni. Mkonge ulikuwa umemficha."

Hospitalini waliambiwa figo zimeumia kwa joto na kiu. Carolyne aliruka kaburi. Siku hizi anaanika nyuzi karibu na kiwanda, kazi ya taratibu, na chupa yake ya maji haimwachi hata akienda msalani.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata likafika gari la chuo kikuu. Aliyeliongoza alikuwa Daktari Shanice Mwandawiro, mhadhiri, binti wa Chawia huko juu milimani. Alikuja na daktari wa figo, mhandisi aliyetengeneza saa zile, kijana wa kompyuta, na mtaalamu wa saikolojia ya kazini. Walikuja pia na turubai la kivuli na tangi la maji juu ya magurudumu.

Mapatano na wenye shamba yalikuwa haya: wanawake wa zamu watapumzika kivulini kwa kupokezana, kuanzia saa nne ya asubuhi, hadi utafiti uishe, kisha matokeo yaamue kama turubai litabaki au litaondoka.

"Kompyuta itajifunza kwenu," Daktari Shanice aliwaambia. "Ikishajua mwili wa mtu unavyokuwa kabla hajaanguka, itampigia kelele mwenzake akae chini mapema."

Branice alimtazama Carolyne. Akaomba awe ndiye atakayegawa saa.

Saa hizo za mkononi zilikuwa nne tu. Mhandisi, kijana mpole mwenye miwani, aliongeza neno moja kabla ya kuondoka: "Akina mama, tafadhali, hizi saa hazipendi joto. Zitunzeni." Alimaanisha zisianikwe juu ya mabati. Wao wakaelewa vile mama yeyote aliyekabidhiwa kitu cha watu anavyoelewa.

Basi wakazitunza. Mwenzao akianza kuhema na kichwa kumzunguka, alivua saa haraka, akampelekea aliyekuwa ameketi kivulini, aliyekwisha kunywa maji na kupoa. Zamu za kuzivaa zilifuata mpangilio wa chama, yule wa leo kisha yule wa kesho, pasiwe na manung'uniko. Kwa miezi miwili saa zile hazikuonja mkono wa mtu aliyechoka.

"Tuliona tunafanya vizuri mno," anasema Wayua, mkongwe wa zamu hiyo. "Mimi hata niliilaza yangu kwenye kanga yenye maji. Ilikuwa baridi kama soda!"

Moja ilidondoka kichakani, ikamezwa na ndovu aliyetoka Tsavo, na kwa siku mbili kompyuta ikaandika kwamba Wayua ana moyo mkubwa kama ngoma, ametembea hadi Mtito Andei na kurudi, na hajalalamika.

Mtaalamu wa saikolojia naye alipita na maswali yake. Kwa kipimo cha moja hadi tano, mama, unajisikiaje kazini? Wote kumi na wawili walijibu tano.

"Mgeni amekuuliza habari yako," Branice anaeleza, akishangaa kwamba jambo hili linahitaji maelezo. "Utamwambia nini? Si utasema nzuri? Ametoka mbali."

Siku ya matokeo walikutana ghalani, wameketi juu ya marobota ya nyuzi. Daktari Shanice alionyesha michoro ukutani. Sauti yake haikuwa na furaha. Kompyuta ilisema wanawake wa zamu hii hawajafikia joto la hatari hata siku moja. Maswali yalisema hawana msongo wowote. Hakukuwa na sababu ya kisayansi ya turubai.

Nyapara Nzioka, ambaye vitita vyake hupungua kila watu wakipumzika, alipiga makofi. "Nilisema mimi! Hawa ni chuma. Jumatatu tunang'oa hilo hema."

Branice akapima mambo mawili. Akinyamaza, turubai linaondoka. Akisema, huenda chuo kikawafukuza kwa kuharibu kazi, na turubai likaondoka vilevile, na lawama ikabaki kwake, kwa kuwa ndiye aliyegawa. Upande wa mlango Carolyne alikuwa amekumbatia chupa yake.

Akasimama.

"Daktari, naomba unisamehe. Hizo saa hatukuzivaa tukiwa na joto."

"Una maana gani, Mama Lorine?"

"Tukichoka tulikuwa tunazivua. Tunampa aliyepoa. Tuliambiwa hazipendi joto."

Mhandisi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Daktari Shanice alikaa chini juu ya robota, mikono magotini.

"Kwa hivyo miezi yote hiyo," akasema polepole, "tumekuwa tukipima kivuli."

"Ndiyo, mwanangu."

"Na zile tano zenu?"

"Zilikuwa salamu," akadakia Wayua.

Hapo binti wa Chawia alicheka mpaka machozi, ingawa Branice anasema baadhi ya machozi yale hayakuwa ya kucheka. Kisha akamgeukia Nzioka. "Hema haling'olewi. Utafiti haujaisha. Haujaanza, hata."

Ilimchukua wiki nzima ya simu kuwashawishi wakubwa wake na wenye shamba. Awamu ya pili ikaanza, safari hii kila mmoja na saa yake, na mhandisi mwenyewe akisisitiza: "Acheni ziungue!" Maswali yalibadilishwa pia. Mtaalamu aliacha kuuliza habari, akauliza mtu alilalaje, alikunywa nini, mkojo wake ulikuwa na rangi gani. Siku ya kwanza Wayua alimjibu kwa kirefu hadi kijana wa watu akasahau kuandika.

Matokeo yalipotoka hayakuhitaji mtu wa kuyatetea. Sasa saa zimefundishwa kulia, na anayeliliwa hukaa kivulini, hata Nzioka akikunja uso vipi. Turubai lipo. Tangi lipo.

Lakini hiyo ni zamu moja tu katika shamba kubwa. Branice anataka kivuli cha mabati na bomba la maji kwenye kila kitalu kabla ya Machi nyingine, na chama chake kimeshaomba kukutana na wenye shamba. Carolyne ndiye atakayezungumza kwanza. "Wakimwona yeye," Branice anasema, "hawatahitaji mchoro."

Kabla habari hii haijaenda gazetini, Branice alidai isomwe kwa sauti mbele ya zamu nzima. Walisikiliza vizuri, midomo ikitafuna mihogo, hadi pale penye ndovu.

"Ndovu?" Wayua alimrukia mwandishi. "Ndovu gani, Mzee Gibson? Alikuwa mbuzi wangu! Nilimvisha saa shingoni nikienda kanisani, na hakutoka kwenye kamba yake!"

"Yai tunakusamehe," Branice alisema, akiinuka. "Hilo hata mimi hulisema. Ndovu, hapana. Bei unaijua: kitita kimoja, saa mkononi."

Mwandishi alipewa panga. Mwiba, panga, jani. Hakufika hata jani la kumi kabla saa haijaanza kulia kama mtoto aliyenyimwa maziwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaanza kuifungua kimyakimya amkabidhi Wayua, aliyekuwa ameketi kivulini amepoa.

"Ala! Iache hapo hapo," Branice alisema, akimshika mkono na kumwongoza kwenye turubai. "Hilo joto ni lako, mzee. Kaa chini unywe maji."