Maji ya Pampu

Nesi aliponifuta mkono kwa spiriti leo, nilimkumbuka mtaalamu wa maji wa serikali akifuta kwa spiriti mdomo wa pampu ya kisima chetu, kule Ipyana, kati ya mikakao. Mdogo wangu alikuwa amefariki kwa kuhara. Mama alikilaumu kisima, akawa anateka maji mtoni. Mtaalamu alijaza maji ya pampu kwenye chupa ndogo akaenda nayo kuyapima. Siku aliporudi alisema, "Mama, maji yenu ni safi. Tumieni tu."

"Ndaga, baba," mama alishukuru.

Gari lake lilipoondoka, mama alisema polepole, "Kumbe si maji."

Akapampu, akanywa, akanipa kikombe. Nikanywa. Yalikuwa ya baridi, na sikusikia ladha yoyote.