Mpaka wa Adventina

Kwa miaka tisa Leokadia aliongoza sala za jumuiya kijijini, karibu na Rubya, huku uongo ukimkaa moyoni. Mumewe, Mwijage, aling'oa miramura, ile miti ya mpaka, akaipanda ndani ya kibanja cha kahawa cha jirani yao mjane, Adventina. Leokadia akaapa mbele ya wazee wa ukoo kwamba mpaka ulikuwa hapo tangu zamani. Adventina akapoteza mibuni yake yote.

Mwaka huu Adventina aliugua, akawa hainuki. Chakula kikamshinda Leokadia. Akawaita wazee wale wale, akawapigia magoti.

"Baba zangu, niliapa uongo. Mrudishieni mibuni yake angali hai."

Mwijage akacheka. "Homa imempanda kichwani huyu."

Mzee Rugaimukamu hakucheka. "Mama, uliapa kwa jina la Mungu. Tukuamini lini, siku ile au leo?"

Wakamaliza kunywa rubisi yao, pombe ya ndizi, wakaondoka.

Leokadia akaenda kwa Adventina, akamweleza yote. Mjane akageukia ukutani.

"Nilijua. Ungesema wakati bado nina nguvu za kuchuma."

Alikufa Alhamisi, Leokadia akiwa bado anatafuta mzee wa kumsikiliza.